Shirika la Afya Linaloweza Kukaguliwa

Shirika la hisani la afya huishi kwa fedha za watu wasioiona kazi yake, na huwahudumia watu wasio na namna ya kuipima. Aliyechangia operesheni ya mtoto wa jicho akiwa Dar es Salaam haendi Kondoa kuhesabu walioanza kuona tena. Bibi aliyefanyiwa operesheni Kondoa naye hajui kama lenzi aliyowekewa ndiyo ile iliyolipiwa. Katikati yao lipo shirika, na ni shirika peke yake linalojua pande zote mbili. Dukani, anayelipa ndiye anayetumia; akiuziwa kitu kibovu hurudi na kelele au huhamia duka la jirani. Kwenye hisani mlipaji na mtumiaji hawakutani, na hakuna kati yao anayejua cha kumuuliza mwenzake.

Utawala bora ni majibu ya pengo hilo. Maana yake ni mpangilio unaoeleza nani anaamua, nani anatia saini, nani anakagua, na nani anaweza kumwambia kiongozi “hapana” na neno lake likasimama. Watu hawaliamini shirika kwa sababu limeandika neno uwazi kwenye bango. Huliamini wanapoona kwamba viongozi wake wamejifunga mikono kwa hiari, na kwamba yeyote mwenye haki ya kuuliza atapata karatasi ya kusoma.

Mwanzilishi na shirika lake

Mashirika mengi ya afya huanza na mtu mmoja: daktari mstaafu, mama aliyefiwa na mtoto kwa saratani, muuguzi aliyechoka kuona wajawazito wakifia njiani. Majirani, ndugu na waumini wenzake humchangia kwa sababu wanamjua. Huo ni mtaji halali, na hakuna kanuni inayoweza kuuzaa pasipokuwa na mtu wa namna hiyo. Ila mtaji huo una mpaka: hauvuki pale jina la mwanzilishi linapoishia. Mchangiaji wa mkoa mwingine hamjui, na halmashauri au mfadhili wa nje hawezi kuweka tabia njema ya mtu kwenye jalada.

Dalili za shirika lililobaki mikononi mwa mtu mmoja zinafanana kila mahali. Michango hupitia namba yake ya simu. Bodi ni mwenzi wake, mdogo wake na rafiki aliyesoma naye. Gari la shirika hulala kwake na huonekana kwenye misafara ya harusi. Mara nyingi hakuna wizi wowote, lakini hakuna pia anayeweza kuthibitisha kwamba haupo, na mbele ya mkaguzi, mwaminifu asiye na kumbukumbu hatofautiani na mwizi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya utawala ni kumlinda mtu mwema dhidi ya shaka ambayo hawezi kuijibu kwa maneno matupu, kwa kuihamisha imani ya watu kutoka kwake hadi kwenye utaratibu utakaobaki hata akiondoka.

Usajili ni hatua nyepesi kuliko zote. Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002 kwa Msajili aliye chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Zanzibar ina sheria yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma mwaka 2013, nayo ikaanza kutumika Mei 2024, baada ya miaka 11 ya kusubiri. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani kinathibitisha tu kwamba shirika lipo. Chenye uzito zaidi ni katiba ya shirika, ambayo waanzilishi wengi huinakili kwa jirani ili kuwahi usajili, kisha hawaifungui tena hadi siku ya ugomvi.

Katiba inayofaa hueleza ujumbe wa bodi unadumu miaka mingapi na unaweza kurudiwa mara ngapi, akidi ya kikao ni watu wangapi, mtendaji mkuu anateuliwa na nani, mjumbe anaondolewaje, na mali zitakwenda wapi shirika likifungwa. Kipengele cha kumwondoa mjumbe kimhusu mwanzilishi pia. Asiyeweza kuondolewa na mtu yeyote ni mmiliki, na hisani haina mmiliki. Mwanzilishi achague kiti kimoja: uenyekiti wa bodi au utendaji. Akivishika vyote viwili, anajiajiri, anajipangia mshahara na kujisimamia mwenyewe. Wapo waliogundua kwamba nafasi inayowafaa zaidi ni ya tatu, yaani kuwa sauti na sura ya shirika mbele ya watu bila saini kwenye akaunti yoyote.

Bodi inayofanya kazi

Wajumbe watano, saba au tisa wanatosha kwa shirika la kawaida. Idadi ya witiri husaidia kura isigongane. Undugu ndani ya bodi uwekewe kikomo katika maandishi, na ndugu wawili wasiwe watia saini wa akaunti moja. Bodi ya shirika la afya inahitaji mhasibu anayetambuliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, mwanasheria, na mtaalamu wa afya asiyelipwa mshahara na shirika lenyewe. Huyu wa mwisho ndiye anayeweza kuhoji uamuzi wa kitabibu bila kuogopa kupoteza kazi.

Inamhitaji pia mgonjwa. Katika mapambano ya UKIMWI jambo hili lilikubaliwa mapema: mkutano wa Paris wa mwaka 1994 ulitangaza kanuni ya kuwashirikisha kwa upana zaidi watu wanaoishi na VVU katika maamuzi yanayowahusu. Magonjwa mengine yamechelewa kuiga. Mjumbe mgonjwa akiwa peke yake kati ya maprofesa, na makabrasha yakiwa kwa Kiingereza, atakaa kimya hadi chai iletwe. Wakiwa wawili, makabrasha yakiwa kwa Kiswahili na yakifika wiki moja kabla ya kikao, mambo hubadilika. Ni wao watakaouliza kwa nini kliniki hufunguliwa saa nne wakati basi la mwisho la kurudi kijijini huondoka saa sita.

Mgongano wa maslahi hauepukiki mahali ambapo watu wanaojuana ni wachache. Mjumbe mwenye duka la dawa, mwenye nyumba inayopangishwa kwa shirika, au mwenye binti anayeomba kazi hajatenda kosa lolote kwa kuwa na mambo hayo. Kosa ni kuyanyamazia. Shirika liwe na daftari ambamo kila mjumbe na kila mtumishi mwenye madaraka huandika maslahi yake mwanzoni mwa mwaka, na ajenda inayomgusa ikifika, atoke nje ya chumba. Kusema “mimi sitachangia hoja hii” huku amekaa hakutoshi. Mbele ya mzee anayeheshimika, wachache watathubutu kusema duka lake ni ghali, na heshima hiyo, iliyo njema kwingineko, hapa huligharimu shirika. Muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka, saa ngapi, na kilichoamuliwa akiwa nje.

Posho za vikao ndipo wajumbe wengi wanapojaribiwa, kwa kuwa kila kikao cha ziada ni bahasha ya ziada. Kiwango kiandikwe kwenye kanuni za fedha, kisipangwe na wanaokipokea pekee, na jumla iliyolipwa kwa wajumbe kwa mwaka ionekane kwenye taarifa ya hesabu. Bodi zisizo na la kuficha huliweka jambo hili ukurasa wa mbele.

Fedha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wahasibu hawajapata kauli bora zaidi. Utaratibu wa chini kabisa unajulikana. Akaunti ziwe kwa jina la shirika, pamoja na namba za kupokea michango kwa simu, ambazo kampuni za simu huzitoa kwa taasisi zilizosajiliwa. Anayeomba malipo asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayetunza fedha. Masurufu ya safari yarejeshwe kwa risiti ndani ya siku zilizopangwa, na ambaye hajarejesha ya safari iliyopita asipewe mengine. Ununuzi mkubwa uwe na ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu wa kweli, kwa maana katika miji mingi ankara tatu zinaweza kuchapwa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja. Mtu wa kupiga simu mbili kuhakikisha kama maduka hayo yapo huokoa zaidi ya mkaguzi anayekuja mwisho wa mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa daftari la mahudhurio ya semina: saini arobaini zenye mwandiko mmoja ni jambo la kawaida mno kupuuzwa.

Utaratibu mzuri zaidi hujengwa ndani ya kazi yenyewe. Baada ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliitumia kutatua tatizo la wanawake wenye fistula ambao matibabu yalikuwa bure lakini nauli hawana. Balozi wa kujitolea aliyemtambua mgonjwa kijijini aliwasiliana na hospitali, hospitali ikatuma nauli kwa simu, na balozi akapata malipo yake madogo baada ya mgonjwa kufika. Kila shilingi iliacha alama ya kielektroniki, na malipo yalifungwa kwenye tukio lisiloweza kughushiwa kirahisi, yaani mgonjwa aliyefika hospitalini. Hapo udhibiti na huduma vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyejisikia anachunguzwa.

Eneo linalovunja imani haraka kuliko mengine ni uchangishaji kwa ajili ya mgonjwa mmoja mwenye jina na picha. Mtoto anahitaji operesheni ya moyo, ujumbe unasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanatuma elfu tano, elfu kumi. Kisha hutokea moja kati ya matatu: fedha zinazidi mahitaji, fedha hazitoshi, au mtoto anafariki kabla ya safari. Kila hali kati ya hizo ina swali gumu, na shirika lisilolijibu mapema litajibiwa na mitaa. Kwa hiyo tangazo lenyewe la kuomba mchango liseme kiasi kinachohitajika na kimetokana na makadirio ya hospitali gani, ziada itakwenda kwa nani, pungufu itafidiwa na nini, na kama mgonjwa atafariki michango itarudishwa, itapewa familia kwa mazishi au itahamishiwa kwa mgonjwa anayefuata. Uchangishaji ukifika kiasi kilichotajwa, usimamishwe siku hiyo hiyo na itangazwe hivyo. Hospitali ilipwe moja kwa moja. Familia isipewe fedha taslimu za matibabu, na huko si kuidharau: mzazi mwenye mamilioni mkononi na ndugu wenye njaa nyumbani amewekwa kwenye jaribu ambalo hakuliomba.

Michango yenye masharti itunzwe kwa hesabu zake. Fedha za vyandarua zikilipa mishahara “kwa muda tu” huku ruzuku nyingine ikisubiriwa, shirika limekopa kwa mtu ambaye hakuulizwa. Tabia hii ni ya kawaida, na huwaangusha watu waaminifu, kwa sababu ile ruzuku iliyosubiriwa huchelewa au haiji kabisa.

Zawadi za kukataa

Shirika la afya haliwezi kupokea kutoka kwa kila mkono. Kampuni ya sigara inayotaka nembo yake kwenye wodi ya watoto inanunua heshima kwa bei rahisi. Maziwa ya kopo yana historia yake: mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama, na shirika la lishe ya watoto linalopokea udhamini wa watengenezaji wake litaulizwa linamtumikia nani. Nchini Marekani, Susan G. Komen, shirika maarufu la kupambana na saratani ya matiti, liliungana na KFC mwaka 2010 kuuza kuku wa kukaanga kwenye ndoo za rangi ya waridi, na wakosoaji hawakuacha kuuliza chakula cha mafuta mengi kinahusianaje na kinga ya saratani. Kampuni za dawa ni suala tata zaidi, kwani mara nyingine ni zenyewe pekee zenye dawa husika. Njia ya kati ni sera iliyoandikwa kabla zawadi haijaja, inayotaja vyanzo vinavyokataliwa moja kwa moja na vile ambavyo bodi nzima lazima ivijadili.

Dawa za msaada nazo si neema wakati wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika nchi inayopokea, iwe kwenye orodha ya dawa zinazotumika huko, na iwe na maelezo kwa lugha ambayo wahudumu wa afya wanaielewa. Kuziingiza Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Boksi la dawa za karibu kuisha hugeuka mzigo wa kuteketeza, na gharama ya kuteketeza hulipwa na aliyepokea.

Ubora wa tiba yenyewe

Kuna mashirika yenye hesabu safi na tiba mbovu. Kambi za huduma bure za siku tatu ni mfano wa kufikiria. Watu mia kadhaa hupimwa shinikizo la damu na sukari, wengine huambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ni wagonjwa, hupewa vidonge vya wiki mbili, kisha hema hukunjwa. Bodi inayojua wajibu wake huuliza kabla ya kambi: waliokutwa na ugonjwa watapokelewa na zahanati gani, nani amezungumza na mganga mkuu wa wilaya, na rekodi zao zitabaki wapi. Huuliza leseni za wataalamu wageni na vibali vyao vya kufanya kazi nchini. Hutaka taarifa ya madhara yaliyotokea baada ya operesheni, pamoja na ile ya idadi ya operesheni. Shirika linalotangaza waliopona na kunyamaza kuhusu waliopata maambukizi linaongopa, hata kama kila namba iliyotajwa ni ya kweli. Utafiti wowote unaowahusisha wagonjwa upite kwa kamati ya maadili. Kwa Tanzania Bara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye dhamana kitaifa.

Siri ya mgonjwa ni sehemu ya ubora huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa shirika la hisani hatari kubwa ipo kwenye picha. Mwanamke aliyepigwa picha akiwa kitandani, akiwa na shukrani na maumivu, hakukubali kwa uhuru. Alikubali kwa sababu aliyemwomba ndiye aliyemtibu. Ridhaa iombwe na mtu mwingine, siku nyingine, kwa lugha anayoielewa, na aelezwe wazi kwamba akikataa matibabu yanaendelea vilevile na kwamba anaweza kubadili mawazo baadaye. Mtoto atakuwa mtu mzima siku moja, na picha yake ya utapiamlo itakuwa bado inazunguka.

Kutoa taarifa

Sheria ya Tanzania inalitaka shirika litoe kila mwaka taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa, na umma uweze kuzipata. Kanuni za 2018 ziliongeza masharti, likiwamo la kuwasilisha kwa Msajili na Hazina mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20. Hayo ni ya lazima. Yanayojenga imani hufanyika juu ya hapo. Ripoti iwe na ukurasa wa Kiswahili chepesi unaoeleza kiasi kilichoingia, kilikotoka, kilichotumika na kilichobaki, na ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na mlango wa zahanati, kwani wanaohudumiwa hawasomi ripoti yenye jalada la kung’aa iliyoandikwa kwa ajili ya mabalozi. Barua ya mkaguzi inayotaja kasoro za ndani isomwe na bodi nzima, na majibu ya menejimenti kwa kila kasoro yawekewe tarehe ya utekelezaji.

Gharama za uendeshaji zinastahili maelezo ya kweli. Mfadhili anayedai karibu kila shilingi ifike kwa mgonjwa huyafundisha mashirika kuficha mishahara ndani ya “shughuli za mradi”. Mhasibu, mkaguzi, mlinzi wa bohari na friji ya chanjo inayowaka usiku kucha ni gharama za kumfikia mgonjwa. Shirika linalozieleza bila aibu, pamoja na mshahara wa mtendaji mkuu, hubishaniwa kwa muda, kisha huzoeleka. Lililodai halina gharama zozote hujikuta siku moja likieleza kodi ya ofisi iko wapi.

Malalamiko

Jaribio gumu la utawala ni kama mtu mnyonge kabisa katika mnyororo mzima, kwa mfano msichana anayefagia kituo, anaweza kumlalamikia mkubwa kabisa na asidhurike. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kuanzia 2018 hadi 2020, ulionyesha kinachotokea asipoweza. Ugonjwa uliua watu 2,287, na fedha nyingi na ajira nyingi ziliingia Beni, Butembo na Goma kwa ghafla. Wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la ngono. Waliokuja kusikilizwa walisikilizwa kwanza na waandishi wa habari, Septemba 2020. Tume huru iliyoundwa baadaye na Shirika la Afya Duniani, chini ya uenyekiti mwenza wa Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo, iliripoti Septemba 2021 kwamba watuhumiwa waliotajwa walikuwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Ilikuta uzembe wa watu binafsi na kasoro za mfumo pia. Sera za kupinga unyanyasaji zilikuwapo kwenye karatasi muda wote huo.

Kinachohitajika ni njia zaidi ya moja ya kulalamika, kwa kuwa sanduku la maoni lililo mlangoni mwa meneja halitumiki na anayemlalamikia meneja. Namba ya simu ipokelewe na mtu wa nje ya kituo, mwanamke kwa malalamiko ya wanawake, anayezungumza lugha ya mahali. Wanaohudumiwa waambiwe mara kwa mara, kwa sauti na kwa picha, kwamba huduma ni bure na hakuna mtumishi anayeruhusiwa kudai fedha au mwili. Lalamiko lisikataliwe kwa kuwa halikuandikwa. Bodi ipokee kila robo mwaka idadi ya malalamiko na hatua zilizochukuliwa, na robo ikipita bila lalamiko lolote, ihoji kama njia zinafanya kazi. Tanzania ina sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kanuni za utumishi za shirika ziseme waziwazi kwamba kumwadhibu mtoa taarifa ni kosa la kufukuzwa kazi.

Siku mambo yanapoharibika

Hakuna udhibiti unaozuia kila wizi, kwa hiyo mpango wa siku hiyo uandaliwe mapema: nani anasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, nani anachunguza, mfadhili na polisi au taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, wanajulishwa ndani ya siku ngapi, na nani peke yake anazungumza na waandishi.

Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitangaza lenyewe kwamba zaidi ya dola milioni 5 za kupambana na Ebola Afrika Magharibi zilipotea kwa udanganyifu. Sierra Leone baadhi ya waliokuwa watumishi walishirikiana na watu wa benki, Liberia bei za vifaa na malipo ya watumishi vilipandishwa, Guinea ankara za kutoa mizigo forodhani zilighushiwa. Pamoja na habari mbaya, shirikisho lilieleza hatua zake: kikomo cha matumizi ya fedha taslimu kwenye maeneo hatarishi, na wakaguzi kuambatana na timu za dharura tangu mwanzo wa operesheni. Umbo la tangazo hilo linafaa kuigwa, yaani kiasi, mahali, namna wizi ulivyofanyika na kinachobadilishwa, vyote kwa pamoja.

Ni haki pia kusema kwamba ukweli una gharama. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulikuwa na mkaguzi mkuu wake aliyechapisha ripoti za ubadhirifu alioukuta. Zilipogeuka habari kubwa mapema 2011, baadhi ya wafadhili, Ujerumani na Sweden wakiwamo, walisimamisha fedha, ingawa ni Mfuko wenyewe uliofichua. Jopo la kuupitia, chini ya Festus Mogae, rais wa zamani wa Botswana, na Michael Leavitt wa Marekani, lilipendekeza mageuzi makubwa, na Mfuko ukaendelea kuchangiwa. Shirika dogo halina ubavu wa kuvumilia kipindi cha namna hiyo. Kwa hiyo liweke akiba ya miezi kadhaa ya uendeshaji, na liwazoeze wafadhili wake kupokea habari mbaya ndogondogo mapema, ili kubwa ikija isiwe ya kwanza.

Kufunga

Mashirika mengine hufika mwisho, kwa mradi kukamilika au fedha kukauka, na namna ya kufunga hukumbukwa kijijini kwa miaka. Wagonjwa wa dawa za kila siku wakabidhiwe kwa kituo cha serikali au kingine, kwa majina na kwa maandishi, miezi kadhaa kabla ya mlango kufungwa, na hakikisho litafutwe kwamba kituo hicho kina dawa zao. Majalada yao yahamishwe au yaharibiwe kwa utaratibu wa sheria. Kuyaacha kwenye ghala la aliyekuwa mwenyekiti ni kuyatupa. Vifaa na fedha zilizobaki ziende kwa shirika lenye lengo kama hilo, kama katiba ilivyosema siku ya kwanza, kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, na Msajili apewe hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Watumishi walipwe stahili zao kabla ya gari kuuzwa kwa mjumbe wa bodi. Na ikibidi auziwe mjumbe, liuzwe kwa mnada uliotangazwa, naye akiwa nje ya chumba.